Mwaka wa Njia ya Chini

Nianze na ujinga wangu, maana mtu akianza na sifa zake wasomaji hufunga kitabu. Asubuhi moja, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nilimkuta mama mkwe wangu ameketi kando ya barabara ya Kiogoro, mgonjwa asiyeweza kusimama. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikageuza uso. Nikapita upande wa pili wa barabara nikiisukuma polepole, kwa adabu zote nilizofundishwa, kisha nikapanda tena nikaenda zangu kazini Kisii, nikijiona kijana aliyelelewa vizuri. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo ambalo siku zile lilimfanya mtu aitwe kutoa shauri hata ng'ombe akikataa kula. Nilijua majina ya mito ya Ulaya. Nilijua kugawanya desimali. Kusimama na kuuliza, "Mama, kuna nini?" kulinishinda.

Mwezi uliopita tulimzika Kemunto, mke wangu, binti wa mama huyo. Tuliishi pamoja miaka arobaini, na habari hii hakuisikia kwangu hata siku moja. Kwenye mazishi mzee mmoja alisimama kueleza maisha ya marehemu, akafika mahali pa ujana wetu, akasema, "Huyu bwana mnayemwona hapa, ambaye siku hizi hata sokoni hutuma mtu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mlima huu kwenda kazini kwa baiskeli. Kila asubuhi tulimwona akishuka kama mwewe!" Watu wakacheka, maana msiba wa kwetu hauzuii kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilipoinua macho nikaona jirani yetu Bosibori hacheki. Labda hakusikia, masikio yake ni ya zamani. Lakini tangu siku ile sijalala vizuri, na ndiyo maana nimechukua daftari.

Baiskeli yenyewe sikuitafuta. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Kama kazi ingekuwa inafanyiwa karibu na mafiga ya mama yangu, ningekuwa wa kwanza kufika kila siku. Lakini kazi ya ukarani ilikuwa mjini, Getembe kama wazee wetu walivyouita mji wa Kisii, na sisi tulikaa ng'ambo kidogo ya Kiogoro. Karani mmoja alihamishwa kwenda mbali, akaniachia baiskeli nyeusi, ndefu, nzito kama kitanda cha chuma. Miguu yangu ilikuwa mifupi kuliko mipango ya walioitengeneza. Nilijifunzia kwenye mteremko wa shamba letu, na somo la kwanza liliishia katikati ya migomba, mimi juu ya mgomba na baiskeli juu yangu. Nyumba yangu ya ujana, ile tunayoiita esaiga, ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye kitanda cha fito, kibweta cha vitabu na dirisha la kutosha kichwa cha paka. Baiskeli iliingia humo kila jioni, ikaegemezwa ukutani miguuni pangu, ikinuka mafuta na matope. Baba alikuja mlangoni siku ya kwanza, akaitazama bila kuingia, kwa kuwa baba hana ruhusa ya kuingia ovyo nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa, akasema, "Ng'ombe wanalala nje, chuma kinalala ndani. Kweli kusoma ni kitu." Akaondoka. Sikumbuki kama aliwahi kuitaja tena.

Barabara yetu haikujua tambarare. Asubuhi niliteremka, jioni nikapanda. Na kwa kuwa jioni mvua ilikuwa imeshanyesha, udongo mwekundu ulijaa kati ya tairi na bamba la matope mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, nami nikabeba begani kile kilichopaswa kunibeba. Kwa hesabu yangu ya haki, baiskeli ile ilinipanda mara nyingi sawa na nilivyoipanda. Niliendesha miguu mitupu, viatu vikining'inia shingoni kwa kamba zake, nikavivaa kwenye daraja kabla ya mji ili nionekane mtu wa ofisi. Chini ya kiti nilifunga kijiti cha kuchokolea matope. Nilijifunza mambo ambayo mtembea kwa miguu hayajui. Kwa mfano, mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani hawezi kugeuza shingo. Ukimpigia kengele nyuma atageuka mwili mzima, na mkungu utageuka naye, na wewe utajikuta mtaroni na alama ya ndizi shavuni. Kwa hiyo niliacha kengele, nikawa nakohoa. Mwenye kuswaga ng'ombe hakuhamii upande hata ungekuwa gavana. Mbwa wa boma moja karibu na Kiogoro alichukia spoku, si mimi. Nikishuka na kutembea alinitikisia mkia. Zaidi ya yote, nilijifunza kwamba mwenye baiskeli huwajua watu kwa migongo. Nyuso tunaziona kwa nukta moja tu, tukipita. Migongo tunaitazama kuanzia mbali: nani anachechemea, nani amebeba kisichokuwa chake, nani leo ana huzuni. Niliujua mlima mzima kwa nyuma.

Na mgongo nilioujua kuliko yote ulikuwa wa mama yake Kemunto. Jina lake silitaji hata sasa. Mahari ilikuwa imekwenda, ng'ombe wamepokewa, harusi ya kanisani ilingojea mwisho wa mwaka. Kwa hiyo yeye alikuwa mkwe wangu kamili, na kati yangu na yeye kulikuwa na ensoni. Kwa asiye wa kwetu, ensoni ni ile haya nzito inayowekwa kati ya mtu na mzazi wa mkewe: hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani kila mmoja anampisha mwenzake kama kwamba wote wawili mmekosea. Ni heshima. Si chuki, wala si woga, ingawa kwa nje vinafanana. Basi mungu wa barabara akapanga kwamba siku za soko yeye na mimi tushike njia moja saa moja. Nikiuona mgongo wake mbele, nilishuka kwenye baiskeli. Naye akisikia kikohozi changu alitoka barabarani, akaketi ukingoni akitazama shamba, akavuta leso yake mpaka juu ya kichwa. Mimi nikapita upande wa pili uso ukitazama ng'ambo. Hatua kama thelathini mbele nikapanda tena. Mbuzi waliotuona walidhani ni ugonjwa.

Mara nyingi alikuwa na Bosibori, jirani aliyeolewa boma linalopakana na letu, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde na ulimi uliofanana na sauti hiyo. Yeye hakuwa na ensoni nami, na alikuwa daraja letu. Mama mkwe akiwa amejifunika, akitazama mihogo ya watu, angesema kwa sauti ya kawaida, "Bosibori, mwambie aliyepita kwamba gurudumu lake la nyuma linacheza."

"Karani!" Bosibori angepaza sauti, kana kwamba niko mbali kule Masimba. "Gurudumu lako la nyuma linacheza!"

"Mwambie aliyesema kwamba nimesikia."

"Amesikia! Lakini kulitengeneza hatalitengeneza, namjua. Huyu akiona jua linachwa anakimbilia viazi vya mama yake."

Na chini ya leso ile mabega yangetikisika kwa kicheko kilichozuiwa. Mpaka leo naamini tulipendana, mama yule na mimi, kwa njia ambayo watu wanaotazamana hawawezi. Gurudumu kweli lilikuwa linacheza.

Mwezi wa tatu nikaona mgongo ule umebadilika. Alisimama mara nyingi, mkono kiunoni, kana kwamba amesahau kitu nyumbani. Kikapu kikawa kidogo. Bosibori akanijia jioni moja nikichokoa matope mlangoni mwa esaiga. "Mkwe wako anapumua kama mvukuto wa mhunzi," akasema. "Na miguu imejaa. Nimemwambia aende hospitali, anasema akimaliza palizi."

"Mwambie aende hata kesho. Dawa zipo."

"Mwambie, mwambie. Mimi nimekuwa posta? Wewe ndiye mwenye magurudumu. Mweke hapo nyuma umpeleke." Akapiga keria kwa kiganja, kile kiti cha mizigo nyuma. Tukatazamana, kisha tukacheka mpaka nikaangusha kijiti. Kwa maana picha ya mama mkwe amemshika mkwewe kiunoni wakiteremka Kiogoro ilikuwa kitu ambacho hata mlevi asingekiota. Tulicheka vizuri sana. Kicheko kile nimekisikia mara nyingi baadaye, hasa nikiwa peke yangu.

Mjini niliegesha baiskeli kwa Fundi Ramadhani, kando ya soko, mtu wa familia za Kiislamu zilizokuja na kuzaana na mji huo mpaka hakuna aliyekumbuka nani alitoka wapi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, sakafu nyeusi kwa mafuta, minyororo ikining'inia kama nyama buchani. Nyuma ya pazia mkewe alipika chai ya tangawizi na maandazi, na harufu ya maandazi ikichanganyika na ya mpira wa tyubu ilikuwa, kwangu, ndiyo harufu ya mji. Fundi alinitania kila siku. "Karani, Kiswahili chako kinapanda mlima, shuka kidogo tukuelewe." Au akiliona gurudumu langu, "Hii baiskeli inakulalamikia wewe kwa Mungu. Mimi nasikia." Barazani kwake walijikinga mvua wachuuzi, wapagazi, akina mama wa ndizi, na mimi niliyekuwa mpenda kusikiliza kuliko kusema nilijifunza huko zaidi ya yale niliyoandika ofisini, ambako kazi yangu ilikuwa kunakili vibali vya ng'ombe kwa mwandiko mzuri.

Sasa nifike pale ninapozungukazunguka. Ilikuwa mwezi wa nne. Bosibori alikuwa amekwenda Masimba kumzika kaka yake, na hakuwa amerudi. Kulikuwa na ukungu wa asubuhi, ule unaofanya migomba ionekane kama watu wamesimama wakingoja jambo. Nikauona mgongo ukingoni, umeketi, leso juu ya kichwa, unatazama shamba. Sikumwona akitembea kwanza. Tayari alikuwa ameketi. Nikadhani amenisikia mbali. Hata nikafurahi: mama yule hakosei. Nikashuka. Nilipokuwa sambamba naye, jicho la pembeni, lile ambalo ensoni hailifungi kabisa, likaona mambo matatu. Hakuwa na kikapu. Fimbo yake ilikuwa imelala katikati ya barabara, nami nikaizunguka. Na mkono wake ulitoka ndani ya leso, ukainuka kidogo, ukarudi. Nikajiambia anajifunika vizuri. Nikajiambia, labda ananihimiza nipite upesi, baridi hii si ya kukaa. Mtu akitaka kutoelewa hupata maelezo haraka kuliko karani anavyopata kalamu. Nikahesabu hatua zangu thelathini, nikapanda, nikateremka, na upepo ulikuwa mzuri usoni. Hilo pia naliandika. Nilifurahia mteremko.

Jioni mvua ilinikuta kwa Fundi. Tulikuwa tumebanana barazani, mimi na kikombe cha chai, akina mama wawili wa ndizi, na mpagazi mmoja aliyekuwa akikamua maji kwenye kofia. Mama mmoja alikuwa akisimulia kwa Kigusii, akichanganya Kiswahili ili Fundi naye apate.

"Kutoka asubuhi amekaa pale! Mtu mzima! Sisi tumemkuta saa nne amelala ubavu, mdomo umekuwa buluu. Ndiyo vijana wakakata miti wakatengeneza machela, wakamleta hospitali."

"Na watu walikuwa wapi?" Fundi akauliza.

"Watu? Watu wanapita. Wanasema ni mlevi. Kuna mtoto wa kuchunga mbuzi pale juu, anasema kuna mwenye baiskeli alipita mapema, sura hakuiona kwa ukungu, akashuka, tukasema basi huyo alimsaidia. Kumbe alishuka, akamzunguka, akapanda tena, akaenda!"

"Audhubillahi," Fundi akasema. "Huyo ni mtu?"

Nikaona kwamba kila mmoja amekwisha kusema lake isipokuwa mimi. Nikashika kikombe kwa mikono miwili. "Watu wengine hawana utu," nikasema. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, ile ya kusomea risala shuleni. Fundi akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea chai. Niliinywa yote. Andazi pia nililimaliza.

Nilikwenda hospitali nikiwa nimelowa. Mkwe haingii alipolala mama mkwe, hivyo nilisimama nje chini ya dirisha, mkono kwenye usukani, nikasikia pumzi. Niliitambua, kama mvukuto, Bosibori alikuwa amesema kweli. Kulikuwa na neno moja lililonijia kinywani, na hakukuwa na Bosibori wa kulipeleka. Nikasimama mpaka muuguzi akafungua dirisha akamwaga maji karibu na miguu yangu, akaniuliza, "Wewe unangoja nini hapa?" Nikamwambia nangoja mvua iishe. Mvua ilikuwa imeisha. Nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, hata mahali ambapo ningeweza kupanda. Siku ya tatu akafa. Walisema ni moyo, kwamba ulikuwa umechoka siku nyingi, kwamba hata angefikishwa mapema labda isingesaidia. Hilo "labda" nimelitafuna miaka arobaini, halijalainika.

Wiki moja baada ya mazishi nikamkuta Kemunto nyuma ya ghala la wimbi kwao, akipepeta. Hakuwa akilia. Aliweka ungo chini, akajipangusa makapi usoni, akaniuliza polepole, "Wewe hupita barabara ile kila asubuhi. Siku ile hukumwona mama?"

Hapa ndipo palikuwa na njia panda yangu, msomaji. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kusema. Nilikuwa na maneno mazuri ya sekondari kuhusu mila na nyakati mpya. Nikamtazama, nikaona kwamba nikisema nitampoteza, ng'ombe warudi au wasirudi. Nikasema, "Siku ile nilipitia njia ya chini."

"Kule mtoni?"

"Barabara ilikuwa imeharibika. Nimeanza kupita chini."

Akainua ungo. "Laiti ungepita juu," akasema, na akaendelea kupepeta.

Uongo ni kama ng'ombe. Ukishakuwa naye lazima umlishe. Kuanzia kesho yake nikaanza kupita njia ya chini. Asiyeijua njia hiyo ashukuru. Ilishuka kutoka kwetu kama ngazi, ikavuka mto juu ya magogo mawili, ikapita kwenye kinamasi cha mafunjo, ikapanda tena kwa uchochoro wa ng'ombe mpaka karibu na mji. Ilikuwa ndefu kwa nusu, na sehemu ya kuendeshea baiskeli haikuzidi urefu wa uwanja wa mpira. Niliondoka kabla ya jogoo wa pili. Nilivuka magogo nikiwa nimebeba baiskeli mabegani, viatu shingoni, na kibanio cha karatasi mfukoni kama ishara ya cheo. Nilianguka mtoni mara tatu. Vibali vya ng'ombe viliandikwa na mtu aliyenuka mafunjo, na mkubwa wangu aliniuliza kama kwetu tunalala majini. Fundi Ramadhani aliacha kunitania, aliiosha baiskeli kimya kimya, akachomoa nyasi kwenye mnyororo, na siku moja akaniuliza, "Karani, barabara imekukosea nini?" Nikamwambia ninapenda ukimya. Akasema, "Ukimya huu una matope mengi."

Sikuwa nimezaliwa kwa mateso, nieleweke. Mimi ndiye mtu niliyefunika kichwa kwa blanketi mvua ikinyesha mbali. Lakini kila jioni Kemunto aliweza kusikia kutoka kwa wachungaji kwamba karani amepita mtoni, na kila siku iliyopita ikaufanya uongo wangu uwe kweli zaidi, mpaka ikawa kwamba mlima mzima ulijua: huyu hupita chini, amekuwa akipita chini siku zote. Ajabu ya watu ni hiyo. Ukirudia jambo miezi minane wanakumbuka ulilifanya tangu utoto. Bosibori peke yake alinisimamisha, siku moja nikitoka bondeni na tope mpaka magotini. Alikuwa amekonda tangu Masimba, tangu misiba miwili. Hakupaza sauti. "Tangu lini mtu mvivu akachagua mlima wa pili?" akauliza. Nikamwambia barabara ya juu ina mbwa. Akachukua kuni zake, akaenda.

Harusi ilisogezwa mbele kwa sababu ya matanga, tukaoana mwaka uliofuata. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha kazi ya mjini. Niliomba kufundisha katika shule ndogo iliyo umbali wa kutupa jiwe kutoka kwetu, na nikasema, kwa mzaha ambao umedumu kuliko shule yenyewe, kwamba mimi siwezi kukaa mbali na chungu cha mboga. Baiskeli nilimpa Fundi Ramadhani. Hakuniuliza kitu. Watu wakasema, karani ni mtu wa nyumbani, nami nikalivaa jina hilo kama koti lililonitosha. Kemunto alikuwa mke mwema na mimi, nadhani, nilikuwa mume mpole. Sikumpigia kelele hata siku moja. Alipougua uzazi, alipofiwa na mtoto wetu wa pili, alipoketi barazani jioni akitazama shamba na leso mabegani, nilipita taratibu upande wa pili wa nyumba nisimsumbue. Wakati ule niliita hiyo heshima. Sasa sebule yetu ina viti vya kuazima ambavyo bado havijarudishwa, kitanda ni kipana mno, na nikipika ugali naupika wa watu wawili kwa sababu mkono haujui kuhesabu.

Juzi Bosibori alikuja. Alitembea kutoka kwake kwa fimbo mbili, akisimama kila hatua tano, akikataa mjukuu amshike. Aliketi kwenye kigoda cha Kemunto bila kuuliza, jambo ambalo hakuna mwingine amelithubutu. Nilimpa viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Aliviondoa maganda kwa ufizi na kidole gumba, akalalamika kwamba chumvi yangu ni ya mwanamume.

"Nani anakufulia?" akauliza.

"Nafua mwenyewe."

"Inaonekana."

Tulisikiliza bata kidogo. Kisha nikamwambia. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda kwa sababu alikuwa akitazama kiazi, si mimi. Nilimwambia ukungu, fimbo barabarani, mkono ulioinuka, chai ya kwa Fundi na neno nililosema pale, dirisha la hospitali, ghala la wimbi, mto. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi, na nilipomaliza nikajikuta nangoja. Yeye aliendelea kutafuna mpaka kiazi kikaisha. Akajipangusa vidole kwenye leso, kimoja kimoja. Nilitaka aseme kwamba nilikuwa kijana, au kwamba mila ndiyo iliyokosea, au kwamba moyo wa mama yule ulikuwa umechoka tayari. Akashika fimbo zake mbili, akazipanga sawa kati ya magoti, na kwa ile sauti ambayo bado ingefika ng'ambo ya bonde akasema:

"Kumbe umengoja Kemunto aingie kaburini ndipo upate mdomo. Ungeniambia mimi siku zile, ningekuchapa. Ungemwambia yeye, angekusamehe. Sasa yeye hayupo, na mimi mikono imekwisha nguvu. Kaa nayo."